Muulize "mbona si 2?"

Kwa wenzangu wa kliniki ya watoto: mama akikuambia mtoto wa miezi 3 ameshaanza maji na uji, usikimbilie kumhubiria. Muulize, "Mama, kutoka 0 hadi 10, uko tayari kiasi gani kumpa maziwa yako tu mpaka atimize miezi 6?" Akisema 5, muulize, "Mbona 5, si 2?" Kisha nyamaza kabisa. Ataanza kutaja sababu zake mwenyewe: mtoto aliharisha alipoanza maji, maziwa mbona yanatoka vizuri. Sababu aliyoitamka kwa kinywa chake ndiyo atakayokwenda nayo nyumbani. Ukigeuza ukamuuliza "mbona si 10?" ataanza kujitetea, na hapo umeshampoteza. Swali hili hutumika sana katika mazungumzo ya kuhamasisha, njia ya wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick ya kumsaidia mtu ataje mwenyewe sababu za kubadilika. Halifui dafu pale mwenye kauli nyumbani ni mama mkwe au baba. Mwombe aje naye kliniki ijayo. Na kama mtoto ana degedege au hawezi kunyonya, acha maswali, atibiwe kwanza.