Ndoo Mbili na Maji ya Bamvua

Mara ya kwanza kuwapeleka wanangu Coco Beach, ufukwe wa hapa Dar es Salaam, nilikosea jambo moja tu, likaharibu mengine yote. Nilikwenda saa kumi jioni, Jumapili ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, mawimbi yanapiga, watu wamebanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Mkubwa, wa miaka 6, alisimama na ndoo yake tupu akinitazama. Mdogo, wa miaka 3, aliogopa mlio wa mawimbi, akaning'ang'ania shingoni kama ruba. Tulikula mihogo tukarudi Kinondoni.

Muuza mihogo ndiye aliyenifungua macho. "Kaka, watoto wanaletwa maji yakiwa yamekupwa. Njoo wiki mbili toka leo, saa nne asubuhi, utaona bahari nyingine."

Mimi ni mtu wa Dodoma, bahari nimeiona nikiwa na miaka 19, kwa hiyo haya yote nilijifunza ukubwani. Ninayaandika kwa wazazi wenzangu wa bara mliohamia Dar, mnaodhani bahari ipo pale pale wakati wote.

Anza na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo panapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku moja au mbili baada ya hapo ndiyo bamvua lenyewe. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu na hakuna cha kuona. Kama nyumbani mna kalenda ya Kiislamu ukutani, basi mnayo ratiba ya bahari bila kujua: tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17. Kwa Dar, siku za bamvua maji hufika mwisho wa kupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha tena usiku muda kama huo. Kila siku huchelewa karibu dakika 50. Ndiyo maana saa kumi jioni siku ile niliyakuta yamejaa: kupwa na kujaa hupishana kama saa sita. Siku hizi ratiba ya maji unaipata hata kwenye simu, lakini mkubwa wangu anapenda kuangalia mwezi mwenyewe kutoka dirishani na kunitangazia.

Fika saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, mtembee mkiyafuata yanavyorudi nyuma. Yakianza kugeuka, nanyi geukeni. Hili sina mzaha nalo. Maji yanapojaa huanza polepole, unadhani una muda, kisha saa ya tatu na ya nne huja mbio. Halafu hayaji kwa mbele tu. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, ukashtukia mwamba uliosimama umekuwa kisiwa, nawe una watoto wawili na ndoo mbili.

Vya kubeba ni vichache. Viatu vya plastiki, zile yeboyebo za elfu chache, kwa kila mtu pamoja na wewe baba unayejifanya una nyayo ngumu. Kofia, fulana za mikono mirefu, maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani, maana saa tano jua la Dar halina huruma. Kanga mbili: moja ya kukalia, nyingine ya kumfunika mtoto akibadili nguo. Wapewe chai na chapati nyumbani kabla ya kutoka. Mtoto mwenye njaa haoni kaa, anaona mihogo tu.

Sasa, kosa langu la pili, ambalo lilinichukua safari tatu kulitambua. Nilikuwa nawatembeza. "Twendeni kule, njooni muone huku, haraka." Mdogo akawa analia kila baada ya hatua kumi. Siku moja nikachoka mimi, nikakaa juu ya jiwe kando ya kidimbwi kisichozidi ukubwa wa beseni la kufulia. Nao wakachuchumaa. Dakika ya kwanza hakuna kitu, ni mchanga na nyasi bahari. Ya tatu, kombe dogo likaanza kutembea. Mdogo akapiga kelele, kombe likasimama. Tukanyamaza. Zikatoka pembe mbili nyembamba, kisha macho, kisha miguu, na kombe likaendelea na safari yake: kaa mdogo aliyehamia nyumba ya konokono. Tulikaa pale nusu saa. Tuliona jongoo bahari mweusi aliyelala kama soksi iliyosahaulika, viti vya pweza viwili, na visamaki vya urefu wa kucha. Tangu hapo sheria yetu ni vidimbwi viwili kwa siku. Mkubwa anachagua kimoja, mdogo kingine, hata kama chake ni shimo lenye maji ya kikombe na hakuna kitu ndani.

Kuna vya kutogusa, na wafundishe kabla hamjashuka kwenye mwamba. Kuna mnyama wa duara, mweusi, mwenye miiba mirefu kama sindano, anakaa kwenye mianya ya mawe. Mwiba wake hukatikia ndani ya ngozi. Mimi ulinipata kisiginoni, siku niliyoacha viatu. Kuloweka mguu kwenye maji ya moto, yale ambayo mkono unaweza kuvumilia, kulipunguza maumivu. Konokono mwenye kombe zuri lenye umbo la pia, la madoa au mistari, msimwokote kabisa: ana mwiba wa sumu, na wapo wanaoweza kuua mtu mzima. Yavuyavu hata akiwa amekufa mchangani bado anawasha. Na mkono hauingii kwenye tundu usilouona mwisho wake. Kwa watoto nimefupisha yote kuwa hivi: macho kwanza, kidole kimoja baadaye, tena baada ya kumuuliza baba.

Mkiwakuta kina mama wanaotafuta pweza, salimieni. Wanangu walisema "Shikamoo, bibi" kwa mama mmoja mwenye chuma chenye ncha na kapu kiunoni. "Marahaba wajukuu zangu," kisha akatuonyesha kwa ncha ya chuma rundo la makombe matupu na vipande vya kaa nje ya tundu. "Huu ni uchafu wa jikoni kwake. Mwenye nyumba yumo." Nami nilikuwa nimepita pale mara tatu.

Ndoo ni ya kukopa, si ya kuchukua. Mnyama anaingia na maji ya bahari na jiwe la kujificha, anatazamwa dakika chache kivulini, anarudishwa pale pale alipotolewa. Hata makombe matupu tunayaacha, kwa kuwa tumeshawaona wapangaji wanavyohangaika kutafuta nyumba.

Ya mwisho ni mifuko. Kaguani mifuko ya kaptura kabla ya kupanda bajaji. Jumapili moja, kwenye saa tatu usiku, mama yao alisikia kitu kinakwaruza chini ya kitanda cha watoto. Tuliwasha taa: kombe lilikuwa linatembea kuelekea kabatini. Mdogo aliamka, akasema kwa sauti ya usingizi kwamba yule ni mgeni wake na amemwahidi wali. Nilimtia kaa kwenye kopo, nikaita bodaboda. Dereva aliangalia kopo, akaniangalia mimi, hakuuliza kitu. Tulipofika Coco ilikuwa karibu saa nne, maji yamekupwa tena, na nilitembea na tochi ya simu kwenye mwamba, viatu vya kazini mkononi, nikikitafuta kidimbwi cha ukubwa wa beseni.