Namna ya kukagua mtambo mkongwe wa umeme wa maji kabla ya mvua

Mitambo midogo ya kufua umeme iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya miji yetu ya Nyanda za Juu Kusini, kama ule wa Tosamaganga kwa Iringa na ule wa Mbalizi kwa Mbeya, huzeeka kuanzia kwenye banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Kwa hiyo fundi anayekimbilia jenereta kwanza huanzia mwisho. Ukaguzi ufanyike Oktoba, mto ukiwa mwembamba na mvua za Novemba hazijaleta tope.

Anza na chujio la nondo. Mto unaopita kando ya vinyungu (bustani za mabondeni) na mashamba ya mikaratusi huleta mabua ya mahindi na majani yanayoganda kwenye nondo kama mkeka. Usikadirie kwa macho: simika vijiti viwili vyenye alama za sentimita, kimoja mbele ya chujio na kingine nyuma yake, vyote vikianzia usawa mmoja, kisha usome tofauti. Ikiwa mwanguko wote, yaani kimo ambacho maji yanashuka hadi kwenye turbaini (gurudumu linalozungushwa na maji), ni mita 20 na tofauti ni sentimita 50, umepoteza asilimia 2.5 ya nguvu kabla maji hayajaingia bombani.

Kisha piga hesabu ya kilowati: 9.81 mara mita za ujazo kwa sekunde, mara mwanguko, mara ufanisi. Mita 1 ya ujazo kwa sekunde ikianguka mita 20, kwa ufanisi wa asilimia 70, hutoa takriban kilowati 137. Mita ya umeme ikisoma kilowati 110, kagua turbaini.

Funga lango polepole, kwa maana maji yakikatizwa ghafla hurudisha kishindo kinachoweza kupasua bomba lililoliwa na kutu. Lango lifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule anayeingia ndani. Pitisha vidole kwenye mapanga ya turbaini: ukingo laini uliokonda ni kazi ya mchanga, vishimo kama vya sifongo ni vya mapovu yanayopasuka kwenye chuma, na hivyo havitibiwi kwa kusafisha banio.

Jenereta iliyosimama kwenye baridi ya nyanda hizi hunyonya unyevu, hivyo pima koili kwa mega (kipimo cha ukinzani wa kihami) na, zikisoma chini, zikaushe kwanza. Balbu ya wati 100 iliyoachwa ikiwaka ndani ya jenereta wakati wote ikiwa imesimama ni kinga ya bei nafuu.

Wakati wa kuwasha, jaza bomba taratibu huku valvu ya hewa ikiwa wazi, na usiupe mtambo mzigo wa mji kabla haujatulia kwenye masafa ya hezi 50.