Hesabu laisini yako, usiishie kwenye protini

Nilipoacha nyama nilianza kuandika protini kwenye daftari, na kila jioni hesabu ilitimia. Kosa lilikuwa moja: sehemu kubwa ilitoka kwenye wali na mkate, na nafaka ni maskini wa laisini. Hii ni asidi amino, yaani mojawapo ya matofali yanayojenga protini, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uile. Ikipelea, ujenzi wa protini mwilini hukwama hata kama nyingine zimejaa tele.

Anza na uzito wako. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 30 kwa kila kilo kwa siku. Mimi nina kilo 60, basi lengo langu ni 1,800.

Pima chakula kikiwa kimeiva. (Wiki nzima nilipima maharage makavu nikayasomea takwimu za yaliyopikwa, nikajiona fukara bure.) Gramu 100 za wali hutoa laisini isiyozidi miligramu 100, maharage ya uzito huohuo, karibu 600, yai moja, kama 450. Kwa hiyo gramu 400 za wali hazinifikishi hata robo ya lengo, ilhali gramu 200 za maharage zinabeba theluthi mbili. Nikila vyote viwili na yai moja, nimevuka. Wala si lazima vikutane kwenye sahani moja. Maharage ya mchana na wali wa usiku vinasaidiana vizuri tu.

Angalia na moto. Kwenye joto kali na kavu laisini hung'ang'ana na sukari, na ikishanaswa hivyo mwili hauwezi kuitumia. Rangi ya kahawia ya ganda la mkate inatokana na mambo hayo. Ganda nalipenda, sijaliacha, silihesabu tu.

Usisahau tunda au mboga mbichi. Nyuzi za kolajeni, protini inayoushikilia mwili, kwenye ngozi, mifupa na kano hufungwa kupitia laisini, na kazi hiyo haiendi bila vitamini C. Laisini pia ni malighafi ya kanitini, inayopeleka mafuta ndani ya mitokondria, vijitanuri vya seli, yakachomwe.

Vidonge sijanunua. Mwenye ugonjwa wa figo aongee kwanza na daktari, maana protini yake hupangwa kivyake.

Siku hizi sipimi tena. Siku ikipita bila kunde wala yai, nakunywa glasi ya maziwa kabla ya kulala: karibu miligramu 600.