Kubebesha kahawa kwa njia ya Reyna, Guatemala

Kwenye mashamba ya nyanda za chini za Guatemala, minyoo fundo, vijidudu vya udongoni, hushambulia mizizi ya kahawa ya arabika hadi mti unageuka njano. Kinga yake ni kubebesha arabika juu ya mzizi wa robusta, njia inayoitwa kwa jina la mbunifu wake, Reyna. Aina ya robusta iitwayo Nemaya ilichaguliwa mahsusi kwa kazi hiyo.

Sia robusta kwanza, kisha arabika siku 10 hadi 15 baadaye, maana robusta huchelewa kuota. Miche iwe imesimama kama askari, punje ingali kichwani. Kata kichwa cha robusta, pasua shina katikati kiasi cha sentimita 1. Chonga shina la arabika liwe kabari kwa wembe safi, lichomeke, funga kwa utepe laini wa plastiki. Maganda yasipogusana walau upande mmoja, kikonyo, yaani kipande cha arabika kilichochomekwa, hunyauka. Usizubae: kidonda kikikauka, mche umekwenda.

Weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji, la sivyo kinyausi, ugonjwa wa kuoza kwa miche michanga, kitaimaliza. Mche ukishika vizuri, uhamishie kwenye viriba. Shambani, kiungo kibaki juu ya udongo. Kikifukiwa, arabika itatoa mizizi yake na minyoo itarudi. Ugonjwa wa kutu ya majani, hata hivyo, hauzuiliki hivi: majani bado ni ya arabika.