Fulana ya chuo chako imeshonwa wapi? Jinsi ya kuendesha kampeni ya wanafunzi

Niliingia kwenye kampeni hizi za kutetea haki za washonaji wa nguo za vyuo nikisoma Marekani, na kilichoniingiza ni baridi tu: nilinunua sweta la kofia lenye nembo ya chuo, bei ikaniuma, lebo ikasema Honduras. Mwongozo huu ni wa Waswahili wenzangu mlio vyuoni huko. Kule chuo huzikodisha kampuni za nguo nembo yake kwa leseni, na leseni ndiyo kamba ya kuvuta.

Hatua ya 1: Igeuze nguo. Kwenye lebo utaona nchi iliposhonwa na, mara nyingi, namba inayoanza na RN. Itafute bure kwenye tovuti ya Federal Trade Commission, mamlaka ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara. Itakupa jina la kampuni. Kiwanda haikupi. Wengi huishia hapa, kumbe kampuni moja hushonesha kwenye viwanda chungu nzima.

Hatua ya 2: Tafuta kiwanda. Worker Rights Consortium, shirika la kufuatilia haki za wafanyakazi viwandani lililoanzishwa mwaka 2000 baada ya wanafunzi kuvibana vyuo vyao, hutunza orodha ya viwanda vinavyoshona nguo za vyuo wanachama. Kama chuo chako si mwanachama, dai la kwanza umeshalipata.

Hatua ya 3: Mjue anayetia saini. Hapa tulipoteza muhula mzima. Tulisimama na mabango mbele ya duka la chuo mpaka binti wa kaunta, mwanafunzi mwenzetu anayelipwa kwa saa, akatoka akatuuliza, "Sasa mnataka mimi nifanye nini?" Tukabaki tunatazamana. Mikataba ilikuwa ghorofa ya tatu, jengo la utawala, kwa afisa ambaye hata njia ya dukani hapiti.

Hatua ya 4: Wasikilize wafanyakazi kwanza. Usitangaze mgomo wa kununua kwa sababu tu umekasirika. Oda ikikatwa, anayelala njaa ni mshonaji. Uliza chama chao cha wafanyakazi kinataka nini. Januari 2009 Russell Athletic, kampuni ya Marekani ya nguo za michezo, ilifunga kiwanda cha Jerzees de Honduras baada ya wafanyakazi kuunda chama. Wafanyakazi wenyewe walizunguka vyuoni kueleza, na karibu vyuo 100 vikakatisha leseni. Novemba kampuni ikakubali kufungua kiwanda kipya na kuwarudisha kazini watu 1,200.

Hatua ya 5: Dai moja, tarehe moja. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na madai 11, kuanzia mishahara hadi pamba isiyopigwa dawa. Afisa akachagua la pamba, akatushukuru sana, akafunga faili. Ya pili ilikuwa na dai moja, na siku ya mwisho ya kujibiwa.

Jiandaeni kwa jibu la "kiwanda si chetu". Kiwanda cha PT Kizone cha Indonesia kilipofungwa mwaka 2011, wafanyakazi walibaki wakidai mafao yao; hata baada ya wengine kulipa sehemu, zilibaki dola milioni 1.8, na adidas, iliyokuwa ikishonesha hapo, ikasema oda zake zilikuwa zimeshakoma. Chuo Kikuu cha Cornell kilivunja mkataba nayo mwaka 2012, vyuo vingine vikafuata, na Aprili 2013 adidas ikapatana na wafanyakazi.

Hatua ya 6: Kikao kabla ya kelele. Nendeni watatu: mmoja aseme, mmoja aandike, wa tatu akae kimya amsome afisa usoni. Jioni ileile mtumieni barua pepe yenye yaliyokubaliwa, maana maneno ya mdomo hayana mwenyewe. Mabango yatoke tarehe ikipita bila jibu.

Na wewe mwenye viza ya mwanafunzi: wenzako wakiamua kukalia ofisi ya mkuu wa chuo mpaka polisi waje, baki nje ushike simu na maji. Kukamatwa kwako si sawa na kwa mwenye pasi ya Marekani. Nilidhaniwa mwoga; sikujali.

Hatua ya 7: Rithisha. Ofisi inajua utahitimu, kwa hiyo ina subira. Hata barua ikisainiwa, orodha ya viwanda ikaguliwe kila muhula. Nywila ya barua pepe ya kampeni, nakala za mikataba na namba za watu wa chama cha wafanyakazi, mkabidhi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla hujavaa joho.