Mzazi anapoelemewa: jinsi ya kumsaidia tangu ujauzito hadi mtoto atimize mwaka

Mwongozo huu ni wa mtu aliye karibu na mzazi: mwenza, mama yake, dada, shoga au jirani. Tunazungumza nawe kwanza kwa sababu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, humpokonya mgonjwa vitu vile vile anavyovihitaji ili aombe msaada, yaani nguvu, matumaini, na imani kwamba anastahili kusaidiwa. Ukingoja aseme mwenyewe, utangoja sana.

Anza kabla mtoto hajazaliwa

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea viwango hupanda zaidi. Kwa hiyo ulizeni mapema, hata kama mama anaonekana mchangamfu. Hatari huongezeka kwa aliyewahi kuugua sonona, aliyepoteza mimba au mtoto, asiye na mtu wa kumtegemea, na anayepigwa au kutishwa nyumbani. Suala la ukatili aulizwe akiwa peke yake kabisa, kamwe si mbele ya mwenza wala mbele ya wakwe.

Aliye na baipola (ugonjwa wa akili unaompandisha mtu furaha kupita kiasi, kisha kumshusha kwenye sonona), au aliyewahi kuchanganyikiwa akili baada ya uzazi, anahitaji mpango ulioandikwa na daktari kabla ya kujifungua. Na anayetumia dawa za akili asiziache ghafla eti kwa sababu ana mimba. Ugonjwa unaorudi nao humdhuru mama na mtoto. Aende kwa daktari haraka dawa zipitiwe upya, hasa akitumia valproate, dawa ya baipola na kifafa, ambayo inaweza kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa.

Maswali mawili

Wakunga wengi huanza na haya, nawe unaweza kuyauliza:

1. Mwezi huu uliopita, umekuwa ukisumbuliwa mara kwa mara na huzuni, unyonge au kukata tamaa?
2. Umekuwa ukikosa hamu au raha katika mambo unayoyafanya?

Jibu likiwa ndiyo, hata kwa moja tu, aonwe na mhudumu wa afya. Uliza mkiwa wawili, kisha unyamaze umpe nafasi. Usiulize "Uko sawa, sivyo?", maana swali hilo limeshabeba jibu lake. Wala usikimbilie "jikaze" au "wenzako wamezaa watano". Akiambiwa hivyo mara moja, ya pili hatasema.

Kliniki inaweza kutumia Kipimo cha Edinburgh cha mwaka 1987, chenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita na alama kuanzia 0 hadi 30. Alama 13 na kuendelea huashiria kwamba huenda ana sonona, ingawa kipimo peke yake hakithibitishi ugonjwa. Swali la 10 linahusu kujidhuru: jibu lolote lisilokuwa "kamwe" lishughulikiwe siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa ndogo.

Machozi ya siku za kwanza na sonona

Kati ya siku ya tatu na ya tano, akina mama wengi hulia bila sababu, hukasirika upesi na kuhisi wamezidiwa. Kondo la nyuma likitoka, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka ghafla, na usingizi nao umekatika. Hali hii haihitaji dawa, na huisha ndani ya wiki mbili. Weka alama siku ya 14 kwenye kalenda ya simu. Ikifika na bado analia, usimwongezee siku za kusubiri, mpeleke. Akizidi kuzorota kabla ya hapo, mpeleke vilevile.

Dalili moja tunaipa uzito sana: mtoto amelala, nyumba imetulia, mama amechoka, na bado usingizi hauji. Wengine hawasemi "nina huzuni" bali kichwa kinauma, mwili mzito, moyo unaenda mbio. Omba apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa damu na hitilafu ya tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana na sonona. Majibu yakiwa mazuri, msiishie hapo.

Wazazi wengi pia hujiwa akilini na picha za kutisha, kwa mfano mtoto akianguka ngazini. Mzazi anayeziogopa na kuzichukia picha hizo kwa kawaida si hatari kwa mtoto; anateswa na wasiwasi, na huficha akihofia kunyang'anywa mwanawe. Mhakikishie kwamba wahudumu wanalifahamu tatizo hili na linatibika.

Usingizi: hapa ndipo unaposaidia zaidi

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Lengo ni mama apate saa 4 hadi 5 za usingizi mfululizo. Usingizi wa vipande vya dakika 40 haumjengi hata vikijumlishwa kuwa vingi.

Zamu inaweza kwenda hivi: mama ananyonyesha saa 3 usiku, anaingia chumba kingine, nawe unabaki na mtoto hadi saa 8. Mtoto akiamka katikati, mpe maziwa yaliyokamuliwa. Kama hayapo, mpeleke kwa mama anyonye huku mama amelala ubavu, ukikaa macho kando yao, kisha umchukue: kumcheulisha, kumbadilisha nepi na kumbembeleza ni kazi yako. Mama atakuwa amekatiza usingizi kwa dakika 20 tu badala ya saa nzima.

Mpango huharibika kwa sababu zinazojulikana. Mama akilala chumba kile kile, kila mguno wa mtoto humwamsha. Akikaa saa nyingi bila kunyonyesha wala kukamua katika wiki za mwanzo, matiti hujaa na kuuma, na maziwa yanaweza kupungua. Basi anzeni na usingizi wa muda wa saa 3 na kuongeza taratibu. Na aliye zamu asikae na mtoto kwenye kochi akisinzia: kichanga anaweza kukosa hewa na kufa.

Mchana, usiseme "ukihitaji kitu niambie". Sema: "Nitakuja Jumanne saa 4, nitafua na kupika, saa 7 nitaondoka." Mgeni anayempakata mtoto huku mama akiosha vyombo hajasaidia.

Mtoto akilia hadi mzazi ahisi kulipuka, amlaze chali mahali salama, atoke chumbani dakika 5 hadi 10, apige simu. Mtoto asitikiswe kamwe. Kilio hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua.

Matibabu

Mazungumzo ya tiba hufanya kazi, na si lazima yaongozwe na mwanasaikolojia. Katika utafiti wa Pakistan uliochapishwa mwaka 2008, wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa waliwatembelea akina mama wenye sonona nyumbani; mtoto alipofika miezi 6, asilimia 23 ya waliopewa tiba hiyo walikuwa bado wagonjwa, dhidi ya 53 ya wengine. Zipo pia dawa zinazotumika wakati wa kunyonyesha. Sertraline, kwa mfano, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na kuacha mara tu nafuu inapokuja hurudisha ugonjwa.

Baba naye aulizwe maswali yale mawili. Takriban mmoja kati ya 10 hupata sonona, hasa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, nayo mara nyingi hujitokeza kama hasira, pombe au kukwepa nyumbani.

Dharura

Mama asiyelala na wala hachoki, anayeongea mfululizo, anayesikia sauti, au anayeamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, anaweza kuwa na saikosisi ya uzazi, yaani kuchanganyikiwa akili baada ya kujifungua. Humpata mama mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Afike hospitali leo, hata kama ni usiku wa manane. Maombi yaendelee mkiwa njiani. Asiachwe peke yake, wala peke yake na mtoto.

Ukihofia kwamba mzazi anataka kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ondoa dawa na sumu nyumbani, kaa naye, mfikishe kwa mhudumu siku hiyo.

Akishapona, hakikisheni ugonjwa umeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, na katika ujauzito unaofuata mkunga aambiwe tangu hudhurio la kwanza.