Baiskeli ya chuma ya kwendea kazini Mtwara kwa hela ya kuungaunga: anza na tochi ya simu

Wadau wa Mtwara na Lindi, naulizwa sana ninunue baiskeli gani ya kwendea kazini maana nauli ya boda kila siku asubuhi na jioni inakata mfuko, sasa naandika hapa kila mtu asome. Mimi nakaa Mikindani kazi iko mjini, kilomita kama 10 kwenda na 10 kurudi, kwa hiyo naongelea njia ninayoikanyaga kila siku.

Chukua ya chuma. Kuna za alumini nyepesi nzuri kweli sikatai, ila siku fremu ya alumini ikipasuka utazunguka Mtwara nzima, kwa sababu inataka mashine yake na mtu anayeijua, na hata ikiungwa pale palipopata moto panabaki palaini. Chuma ikipasuka unakokota mpaka kwa fundi wa kuchomelea Magomeni au Chikongola, jioni unarudi nayo. Mwambie tu apunguze moto na atumie fimbo nyembamba maana bomba la baiskeli sio geti, akikuunga kwa gesi na shaba ni bora zaidi. Kujua kama ni chuma beba kasumaku, hata kale ka kwenye spika mbovu ya redio, kakinata kwenye fremu ni chuma, kasiponata ni alumini.

Sasa ubaya wa chuma kwetu huku ni chumvi. Upepo wa bahari unaingia mpaka ndani ya mabomba, na kutu ya baiskeli ya pwani inakula kutokea ndani, nje unaona rangi tu inang'aa. Baiskeli yangu ya kwanza niliinunua mkononi kwa mtu, bluu safi, stika mpya, kengele inalia vizuri, muuzaji ananiapia haijawahi kulala nje. Mwezi wa nne tu tangu niinunue niko barabarani narudi Mikindani nikasikia kitu kimelia kama kijiti kavu, pedali zikaanza kuyumba, kushuka naangalia bomba la chini limeachana pale linapoingia kwenye kile kikombe cha ekseli ya pedali. Nikakokota mpaka kwa mzee mmoja fundi, nikamwamkia, akaipindua akabonyeza lile bomba kwa kidole gumba likaingia ndani kama kopo la maziwa. Akaniambia, "Mwanangu, hapa umenunua rangi." Iliniuma sana, ile hela niliichanga miezi mitatu.

Yeye ndio alinifundisha ninachowaambia hapa. Ukifika kwa muuzaji usiangalie rangi, omba spana ulegeze nati ya siti uichomoe nzima na nguzo yake. Kama nguzo imeganda haitoki achana nayo, maana imeshashikwa na kutu na siti hutaweza kuipandisha wala kuishusha. Ikitoka washa tochi ya simu umulike ndani ya bomba mpaka chini. Ukiona wekundu mwepesi kama vumbi sio mbaya, ukiona magamba magamba yamebanduka hapo simama. Alafu pindua baiskeli kichwa chini uigonge gonge kwa kiganja, kama inamwaga unga wa kutu na vipande kwenye lile tundu la nguzo, mrudishie na umshukuru. Muuzaji akikasirika kwa sababu umechomoa siti nalo ni jibu.

Ukimaliza hapo pitisha kidole chini ya yale mabomba mawili karibu na shingo, nyuma kidogo ya usukani. Ukisikia mkunjo au rangi imekunjamana kama ngozi ya maziwa, hiyo iligonga kitu kwa mbele, usichukue hata kwa bei ya bure. Foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, itazame kutoka ubavuni, iende sawa na shingo alafu ipinde mbele kidogo mwishoni, ikiwa imerudi nyuma imepigwa. Na kujua kama fremu imenyooka chukua uzi, funga pale gurudumu la nyuma linapokaa upande mmoja, uzungushe mbele kwenye shingo urudi nao upande wa pili, uvute ukaze. Pima kwa rula kutoka uzi mpaka bomba la siti kulia na kushoto, vikitofautiana sana imepinda na itakuwa inakuvuta upande mmoja kila siku mpaka mgongo uume.

Saizi watu wanaipuuza alafu wanalalamika magoti. Simama juu ya lile bomba la juu miguu yote chini, ibaki nafasi ya vidole viwili vitatu. Kaa kwenye siti uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Zile Phoenix, Avon na Hero za ringi ya 28 fremu zake ni ndefu, mtu mfupi ataendesha amening'inia, huyo atafute ya ringi ya 26. Akina dada na wanaovaa kanzu au kitenge zile za bomba la kushuka ni nzuri, haina aibu yoyote na unashuka haraka gari likikubana.

Kwenye tairi ndio hela inapotea kimyakimya. Mtu anasema "ni 26" anaenda dukani anarudi na tairi haiingii, kwa sababu kuna 26 zaidi ya moja. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: 559 ni ile ya mauntenibaiki, 590 ni 26 nyembamba ya baiskeli nyingi za mtumba, 635 ni ile 28 ya Phoenix. Haziingiliani hata ulazimishe. Kwa hiyo kabla hujalipa nenda duka la spea ulizia tairi na tyubu ya hiyo namba, wakikuambia mpaka uagize Dar ujue kila pancha kubwa utatembea kwa miguu. Baiskeli ya mtumba inaweza kuwa na chuma kizuri kuliko mpya ya bei hiyohiyo, lakini bila spea ni pambo la ukutani.

Breki za fimbo ni imara hazihitaji waya, ila ringi za chuma zikilowa breki inateleza, na mvua zetu zinaanza mwezi wa 11 au 12 mpaka wa 4, kwa hiyo wakati huo anza kushika mapema, gusa gusa ringi ikauke ndio ukaze. Ya breki za waya ukipata hela weka ringi za alumini, hapo alumini naikubali, kwenye maji inashika vizuri zaidi.

Gia sio lazima. Mtwara mjini na Mikindani kumenyooka, shida ni upepo, msimu wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ukienda mjini asubuhi unakupiga usoni. Wa Lindi wa kupanda kilima cha Mtanda wabadilishe friwili, ile gia ya meno ya gurudumu la nyuma, waweke ya meno 20 au 22, ni kitu kidogo na mguu utakushukuru.

Kuhusu hela, tuseme una laki mbili, usinunue ya laki mbili. Tafuta ya laki na nusu, hamsini ibaki ya gololi, grisi, tairi moja na kufuli. Pini za mikono ya pedali zitikise kwa mkono kabla hujanunua, zikiwa zimelegea punguza bei hapohapo. Na kama unaweza nunua kabla pesa za korosho hazijaanza kuingia mwezi wa 10, mimi nimeona wauzaji wanakuwa wagumu sana baada ya hapo.

Ukifika nayo nyumbani usiipande kwanza. Chomoa siti tena, mimina oili chafu ya gari kama kikombe cha chai ndani ya bomba, ilaze ubavu huu saa moja, ubavu ule saa moja, alafu iachie ichuruzike usiku kwenye maboksi. Rudia kila mwaka kabla kusi haijaanza. Ukipita nayo ufukweni ioshe kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, uifute, cheni uipake oili kidogo. Wiki ya kwanza nati zote zitalegea, zunguka na spana jumamosi ukaze moja moja, anza na za gurudumu la mbele.